Seti ya jahazi la mbao kutoka ng'ambo: mbao tamu, vikorokoro tupa, printi vyako nyumbani

Nianze na jibu kabisa maana najua mtu akikutana na andiko refu hivi anatafuta jibu tu. Hii seti ya kujijengea kijahazi cha mezani nunua, mbao zake nzuri wallahi, bodi (mwili wa chombo) likisimama linasimama sawasawa, ila kile kipakiti cha vikorokoro vya chuma kilichomo ndani usikipotezee muda, na ile karatasi ya kamba na tanga isome kwa jicho moja tu. Mimi nakaa Lamu, Langoni, nina kiduka cha fotokopi na kuprinti, vyombo vya matanga naviona kila nikitoka kwenda forodhani, kwa hivyo hao waliochora seti huko kwao safari hii wamekutana na mteja mbishi.

Ni ya kampuni moja ya Uhispania, jina nalibana kwa sababu nina manung'uniko yangu nao na sitaki kesi. Boksini wameiita jahazi la Kiarabu, skeli 1:50, bodi peke yake sentimita 38, ukizidisha unapata chombo cha mita 19, hilo jahazi kweli si mashua. Bei yake mtandaoni ilikuwa kama elfu 16 kwa hela zetu, usafiri ukala elfu 5, ushuru ukala elfu 6 (hapo nilinung'unika peke yangu njia nzima), halafu basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe na boti kuvuka, kwa hivyo hesabu mpaka inafika barazani kwangu ni elfu 27 na ushei. Sio hela ndogo. Kwa hela hiyo unapata mbuzi wa maana na chenji ya viungo.

Ukifungua boksi kitu cha kwanza ni harufu ya mbao iliyochomwa na leza. Mkuku (uti wa chini wa chombo) na mbavu ni plaiwudi ya milimita 4, zimekatwa safi, unasukuma kwa kidole kinatoka kipande kizima hakina nyuzi. Nimeshika seti nyingine za bei nafuu ambazo leza haikufika chini, unamalizia na kisu mpaka unachoka, hii hapana, hapa wamefanya kazi. Vibao vya ngozi ya kwanza ni mti laini mweupe, milimita 5 upana na 1.5 unene, na ngozi ya pili ni sapele, nyembamba kama nusu milimita hivi. Sapele jamani ni mti wa misitu ya Afrika, unaanzia huko Sierra Leone mpaka Uganda, yaani mti umetoka bara letu umepanda meli kwenda kukatwa vipande vya nusu milimita halafu umenirudia Lamu na nikautozwa ushuru. Lakini rangi yake nzuri, wekundu wa kahawia, na ukipaka mafuta kidogo unang'aa vizuri sana, sina neno.

Kitabu cha maelekezo kina lugha tano na zote si zetu, ila picha ni nyingi na zina namba, mtu aliyewahi kufunga kabati la kununua ataelewa. Shida ni kwamba picha zinaruka. Kuna picha mbavu zimesimama zote safi, picha inayofuata bodi lishavikwa vibao nusu, katikati hapo ndio kuna kazi yenyewe na hawakusema kitu, kwa hivyo nasema mimi.

Kabla hujabandika kibao hata kimoja, zile mbavu za omo (mbele) na za tezi (nyuma) zipige msasa ukingo wake kwa mshazari. Plaiwudi inakuja imekatwa wima, lakini bodi la chombo linapinda, kibao kikipita juu ya ubavu kinagusa kwenye ncha moja tu na glu haishiki. Chukua kibao kimoja kikavu ukilaze juu ya mbavu tatu kwa pamoja uchungulie kwa chini, ukiona mwanga unapita piga msasa tena. Hii ni kazi ya jioni nzima na vumbi lake linaingia mpaka kwenye chai, usiikimbie. Halafu vibao unaloweka maji ya moto, robo saa vinatosha, na pale omoni panapobana nilitumia pasi ya nywele ya dadangu, unakishika kibao kibichi unakipitisha taratibu unakikunja huku kinafuka mvuke, kikipoa kimekaa na umbo lake. (Pasi imerudi salama, ila inanuka mbao, hajajua bado.) Bandika viwili upande wa kulia halafu viwili kushoto, usimalize upande mmoja kwanza, mkuku utapinda na ukishapinda basi tena. Vibao vinavyokwenda omoni vipunguze upana, lakini usishuke chini ya nusu, kikiwa chembamba zaidi ya hapo msumari hauna pa kushika, na huku nyuma panapobaki pengo unakata kipembetatu unapachika.

Misumari waliyoleta ni ya shaba, midogo, kichwa kinene, inapasua kibao cha milimita 1.5 kila ukikaribia ncha. Niliiacha nikatumia vibanio vya nguo na supagluu tone moja kila ubavu na katikati glu nyeupe ya mbao. Kwa wenzangu wa pwani, hiyo glu nyeupe wakati wa masika haikauki kama walivyoandika wao, wenyewe wanasema nusu saa, huku kwetu hewa imejaa maji, iache mpaka kesho yake usiiguse. Mianya midogo nilijaza unga wa msasa uliochanganywa na glu. Mafundi wa kweli wanapiga kalafati kwa pamba na mafuta, mimi napiga kalafati ya vumbi.

Mpaka hapo ndugu zangu ningewapa maksi zote. Bodi lilitoka limenyooka, omo umesimama wima kama majahazi ya kwetu yalivyo (hapo hata nilishangaa, aliyechora bodi aliona chombo cha kweli au picha yake nzuri), tezi imekatwa bapa, sitaha inakaa. Tatizo ni kwamba inaonekana bodi alichora mtu mmoja na vya juu akachora mwingine ambaye hajawahi kuona jahazi likibisha, yaani likienda kinyume cha upepo.

Kuna ami mmoja mtaani kwetu, ujanani alikuwa baharia wa majahazi ya boriti. Alipita barazani nikiwa najaribu mlingoti, akasimama, akatazama, hata salamu hakumaliza, akasema, "Mwanangu, mlingoti huu walalia nyuma. Foromali itapita wapi?"

Nikamwambia ami, ndivyo walivyochora.

"Na mato yake?"

Hayakuweko. Chombo hakikuwa na macho kabisa, yale mapambo ya duara ya omoni, hayamo katika picha wala katika pakiti.

Sasa kwa wasiojua, hili la mlingoti si la urembo. Mlingoti wa jahazi unainamia mbele, kuelekea omo. Foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga, na chombo kikigeuka upepo ukabadilika upande, foromali inasimamishwa wima inazungushwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, tanga linapepea mbele huko, watu wanakimbia na kamba. Mlingoti ukiinamia mbele panakuwa na nafasi ya hiyo kazi na foromali inaning'inia mbali kidogo na mti. Ukiulaza nyuma kama wa meli za Wazungu, foromali inabana kwenye mlingoti na hicho chombo ni cha kwenda upande mmoja tu maisha yake yote. Kwa hiyo mkinunua, kabla hamjabandika sitaha, lile tundu la mlingoti lipanueni kwa nyuma mpachike kabari kwa chini ili ncha ije mbele, nyuzi tano sita za mwinamo zinatosha kuonekana. Sitaha ikishabandikwa utalia.

Foromali yenyewe wameleta kijiti kimoja kilichochongwa ncha zote mbili, kifupi, sentimita 28. Foromali ya jahazi ni ndefu kukaribia chombo chenyewe au kukizidi, na kwenye vyombo vikubwa haiwi mti mmoja, ni miti miwili inaunganishwa kwa kupishana na kufungwa kamba katikati. Nilichukua vijiti viwili vya mishkaki, vile vya mianzi, nikavipiga msasa vikachongoka, nikavipishanisha nikafunga uzi mweusi mafundo ya karibu karibu, sentimita 42. Bei yake shilingi 10. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mgeni akija anaitazama kwanza kuliko zile sapele za ushuru.

Haya sasa tuje kwenye pakiti ya vikorokoro. Ndani muna nanga mbili za mtindo wa manowari ya Kiingereza, taa moja kubwa ya nyuma yenye mapambo, makapi ya mbao ya kupitishia kamba, yenye matundu yasiyo katikati, na mizinga minne. Mizinga! Jahazi la kupakia boriti na tende limepewa mizinga minne ya shaba na vigari vyake. Mpwa wangu ameichukua anaipanga dirishani anapigana na paka, ndio faida pekee iliyotoka humo.

Ndipo nilipowasha printa. Ninayo ndogo ya 3D, ya kuchapa vitu vizima badala ya karatasi, inayotumia resini (plastiki ya maji maji inayogandishwa kwa mwanga), ile yenye kioo chini na taa ya urujuanimno ya nanomita 405, niliinunua mitumba kwa ajili ya kuchapa vipini vya milango na vijikorokoro vya wateja. Kuchora nachora kwenye Tinkercad vitu rahisi na Blender vitu vya nakshi, zote programu za bure, intaneti tu. Kwa skeli ya 1:50 printa ya nyuzi za plastiki haifai, mistari yake inaonekana hata ukipaka rangi, labda kwa kisimamio tu. Resini kwa tabaka la milimita 0.05 inatoka laini, na kwa macho nilishuka mpaka 0.03.

Macho hayo ndiyo nitayaelezea kidogo kwa sababu ndiyo yaliyonipendeza. Nilikwenda kutazama modeli za vyombo pale makumbusho ya Lamu na kupiga picha vyombo vilivyofungwa forodhani, nikachora duara la milimita 7, unene milimita 1, ukingo umeinuka kidogo, ndani mwezi mwandamo na nyota. Jambo la kujua ni kwamba mwinuko wa mwezi na nyota usiwe chini ya 0.3, ukiwa 0.2 unauona vizuri ikitoka kwenye printa halafu tabaka moja la rangi linaufunika kabisa, unabaki na kidonge cheupe. Panga jicho limelala mshazari kwenye sahani ya printa, kama nyuzi 45, vile vinguzo vya kushikilia viwe nyuma tu upande utakaobandikwa. Ukilaza bapa linavimba ukingoni. Niliprinti mengi kwa mpigo mmoja maana muda ni ule ule, likitoka moja au ishirini printa inahesabu urefu wa kwenda juu tu, na yaliyozidi nimewapa vijana wawili wanaochonga mashua za kuuza kwa watalii, wameyapenda.

Makapi nayo nilichapa, milimita 4, na tundu chora kubwa kuliko uzi mara mbili. Uzi wangu 0.5, tundu nilichora milimita 1, kwa sababu resini ya maji maji inabaki ndani ya tundu na ikikaukia humo umeziba. Ukitoa tu, kabla ya kuanika, pitisha waya mwembamba kila tundu. Nikachapa na jiko, lile sanduku la mchanga na mafiga matatu juu yake, na sufuria yenye mfuniko umekaa upande, na pipa la maji, na kata ya kutekea. Na kile choo cha kuning'inia nje ya tezi ambacho vyombo vya masafa vilikuwa nacho, watoto wakikiona wanacheka mpaka basi. Hivyo vitu havimo kwenye seti yoyote niliyowahi kuona, na kwangu ndivyo vinavyofanya chombo kionekane kina watu.

Nakshi ya tezi nilichora ukanda wa upana wa milimita 6, mwinuko 0.4, maua na ile misuko ya milango ya huku kwetu. Fundi wa nakshi ninayemjua nilimuuliza kama angeweza kuchonga kwenye sapele ya ukubwa huo akanitazama tu. Kwa hiyo hapo printa imestahili. Lakini resini ni kijivu, na ukiipaka rangi ya mbao inabaki kama plastiki iliyopakwa rangi ya mbao, dawa ni kupaka kahawia nzito kwanza ikauke, halafu nyepesi kwa brashi kavu juu juu tu ili mashimo yabaki meusi.

Jina la chombo, Subira, sikuliprinti kwa resini, herufi za milimita 3 zinakatika ukipumua. Nilitumia printa ya kawaida ya duka, ya leza siyo ya wino wa maji, unachapa jina kinyume kwenye karatasi, unapaka ubao glu nyeupe nyembamba, unalaza karatasi uso chini, ikikauka kabisa unaloanisha unasugua kwa kidole mpaka karatasi inatoka yote na wino unabaki kwenye mbao. Printa ya wino wa maji haifanyi hivi, itakuchafulia tu.

Usalama niseme maana naona vijana wananunua hizi printa na kuziweka chumbani wanakolala. Resini mbichi inawasha ngozi na harufu yake si ya kuvumilia, vaa glavu, fungua madirisha, na kama una watoto weka mahali pa juu. Vitu vikitoka vioshe kwa alkoholi ya aisopropili halafu vianike, na kwa jua la Lamu huhitaji mashine ya kukaushia, dakika chache tu juu ya paa vimekuwa vigumu, ukivisahau vinakuwa vya njano na vinakatika kama biskuti. Ile alkoholi chafu usimwage mtaroni tafadhali, mitaro yetu yote yaishia baharini, iache juani kwenye chupa inayopitisha mwanga resini igande itue chini, chuja, tumia tena. Na stima ikikatika katikati ya kazi ya resini sahau, ikirudi unakuta mstari kwenye kila kitu, mimi nina kabetri ka akiba ka kompyuta kanakovumilia kazi fupi, kazi ndefu nazipeleka usiku sana.

Gharama ya resini kwa chombo chote haikufika gramu 80. Chupa ya kilo kutoka Nairobi niliinunua elfu 4 na kitu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni mia tatu na kitu, ongeza alkoholi na glavu. Seti za vikorokoro vya ziada wanavyouza wenyewe hao kampuni mtandaoni ni bei ya kukufanya ufunge simu.

Sio kila kitu kichapwe lakini. Kana ya usukani (ule mkono wa kuushikia) niliona watu wanachapa, resini nyembamba ndefu hivyo inapinda na joto la mchana, chonga kwenye kipande cha plaiwudi kilichobaki dakika kumi tu. Nanga nayo kama mikono yake ni myembamba iache au nunua resini ngumu ya aina nyingine. Chochote kinachovutwa na kamba kiwe mbao, uzi ukikazwa kidogo kidogo kila siku resini inachoka inakatika ghafla na tanga zima linakuja chini. Na glu nyeupe haishiki resini hata kwa dua, tumia supagluu, na pale unapobandika kwangua rangi kwanza.

Tanga waliloleta ni pamba nyeupe pee, nene, imeshonwa tayari kwa cherehani mishono mikubwa, ukilitundika linasimama kama kanzu iliyotiwa wanga, halina tumbo la upepo. Nililitumia kama kipimo tu cha umbo nikakata kipande cha kitambaa cha marekani kikuukuu, kilichofuliwa mpaka kimelegea, nikakitia chai ya rangi kikapata ule ukahawia, nikaanika kimefungwa juu ya mtungi ili kipate tumbo. Umbo lao nalo lina kasoro, wamekata pembetatu kamili yenye ncha kali mbele, wakati matanga mengi ya majahazi mbele pana ukingo mfupi unaoshuka. Kata hapo kidogo, sentimita 3, inatosha.

Chini ya mstari wa maji maelekezo yanasema paka vanishi ya kung'aa mpaka chini. Hapana bwana. Chombo kinapakwa shahamu na chokaa huko chini, kinakuwa cheupe cha kufifia. Nilichanganya rangi nyeupe na unga wa chaki ili isiwe na mng'ao, nikapiga kwa sifongo, na juu mbao nikatia mafuta ya nazi tone mbili tu kwenye kitambaa. Vanishi yao iko kabatini pamoja na nanga za Kiingereza.

Shehena nilitia boriti. Hapa ndipo nilipojifurahisha mwenyewe kwa hesabu, maana mikoko ya Lamu ina majina kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo na kuendelea, na boriti yenye sentimita 12 ukiigawa kwa 50 unapata milimita 2.4. Chelewa za ufagio wa makuti ncha yake nyembamba ni kama milimita 1 na shina lake linakaribia 2, kwa hiyo kitaalamu nimepakia pau na mazio, boriti halisi nimetia vijiti vya mishkaki vilivyopigwa msasa kidogo. Zimefungwa kwa korija, ishirini ishirini, na uzi wa katani. Ami alizihesabu. Kweli alizihesabu, amekaa chini na miwani yake.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini nisiende tu Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo hapa kisiwani, nikanunua chombo kilichochongwa na fundi. Swali zuri, na jibu langu halitawafurahisha hao kampuni. Fundi wa Matondoni hana ramani ya karatasi, anachonga kwa jicho, na mlingoti wake hata siku moja hautalala nyuma kwa sababu jahazi amelijenga la kweli kabla hajajenga la mezani. Kama unataka chombo cha kuweka sebuleni kesho, nenda Matondoni, utalipa chini ya elfu 27 na pesa itabaki kisiwani. Lakini vile vya kuuzwa kwa watalii vingi bodi lake huchongwa gogo moja au ubao mmoja mnene, ndani hakuna mbavu, na raha yangu mimi ni mbavu, ni kuona mataruma yakisimama moja moja kwenye mkuku na kuelewa kwa nini kila kibao kinapinda vile kinavyopinda. Seti inakufundisha hilo. Fundi akikuuzia hakufundishi, labda ukae naye mwaka. Kwa hiyo ni mahitaji mawili tofauti, na kama ningekuwa na mfadhili ningemwambia anunue bodi la hawa Wahispania na juu yake amlipe fundi wa Matondoni afunge kamba, hapo ungepata kitu.

Manung'uniko yangu sasa. Kwenye boksi langu vibao vya sapele vilipungua, vilivyoandikwa kwenye orodha na vilivyokuwemo havikulingana, na vinne vilikuwa na ufa. Niliwaandikia barua pepe na picha, wakajibu haraka kwa adabu, wakasema watatuma vingine bure. Vikatumwa. Vikafika bandarini, na hapo vikazuiwa vilipiwe ushuru, kwa sababu hawakuandika ni vya kubadilisha, wameandika bei kamili ya seti nzima. Nimewaambia warekebishe karatasi, wakaniambia karatasi haiwezi kurekebishwa kifurushi kikishaondoka. Mimi sikulipa, nikaziba kwa vibao vya mwembe niliopasuliwa na jirani mwenye karakana, ukitazama tezi upande wa kushoto utaona rangi inatofautiana kidogo, na siku hizi naambia watu ndivyo nilivyokusudia.

Mkiagiza, mwandikieni muuzaji mapema kabla hajatuma, kila kifurushi kiwe na karatasi yake ya bei halali, na mwambieni mizinga abaki nayo, labda atawapunguzia usafiri, maana ni kitu kizito kuliko vyote boksini.